Ngamia Niliyemwomba Samahani

Serikali ya kaunti ilipoanza nilipata kazi ya ukarani, na mshahara wa kwanza ukaishia kwa simu kubwa. Wallahi, nilijiona waziri! Kutoka nyumbani Wabera hadi ofisini nilikuwa natembea nikiandika, macho hayana habari na barabara. Watu wa boda walinitukana mpaka wakachoka.

Wakati huo nilitaka kuoa. Msichana alishakubali. Aliyebaki ni baba yake, mfanyabiashara wa ngamia, mzee asiyependa mchezo hata kidogo. Siku mbili kabla ya posa, nikiwa njiani, nilikuwa namwandikia msichana hivi: "Mwambie baba yako namheshimu kama baba yangu mzazi." Hapo nikajigonga kwa kitu kirefu chenye manyoya. "Samahani, mzee wangu," nikasema bila kuinua uso, nikapita.

Kumbe ni ngamia! Na aliyeshika kamba yake ni yule yule mzee. Alinitolea salaam aleikum mara mbili, sauti ya mtu aliyezoea kuita mifugo ng'ambo ya bonde. Sikusikia hata moja.

Wazee wangu, mjomba akiwaongoza, walipeleka buni, sukari na tumbaku, kama sisi Waborana tunavyoposa. Mwenye nyumba akivipokea, amekubali. Posa yenyewe mimi sikwenda, lakini mchana nikaitwa kutoka ofisini. Nilikimbia nikijua nimepata mke.

"Wewe," mzee akasema, "juzi ulimwomba ngamia wangu samahani. Mimi nilikupa salaam mbili, hukuitikia. Ulikuwa unamwandikia nani?"

"Binti yako, baba."

"Haya, soma."

Nikasoma ule ujumbe mbele ya wazee wote. Mjomba wangu alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Aibu gani ile, jamani! Wengine nao wakaangua kicheko. Mzee peke yake hakucheka.

"Heshima yangu umenitumia kwa simu," akasema. "Basi na mke nitakutumia kwa simu."

Akasukuma ule mzigo wa buni polepole hadi mbele ya mjomba wangu, akainuka kwenda kuswali. Kicheko kikaisha.

Nilimpenda sana yule msichana, na nililia, siwafichi. Aliolewa Korbesa baada ya Ramadhani. Mumewe, nasikia, hata kuwasha simu hajui.