Kemunto na Zile Jumamosi za Marani

Ujumbe wa binti wa Kemunto nimeusoma mara tano tangu asubuhi, na kichwa bado kinakataa. Mama yake ametutoka.

Mjukuu wangu ndiye aliyenifungulia huu ukurasa. Mnivumilie, nina jambo la kusema.

Miaka ya sabini tulikuwa vijana wa kukusanya data. Daktari mmoja kutoka ng'ambo alikuwa anajaribu dawa mpya ya malaria kwa watoto wa Marani. Siku baada ya siku tulipita nyumba kwa nyumba tukipima joto na kujaza fomu.

Mlima wa Marani Kemunto aliupanda kwa miguu akaniacha na baiskeli yangu. Nikifika juu namkuta anakula ndizi, ananicheka.

Yeye ndiye aliyegundua kwamba Moraa, mtoto wa miaka minne, hageuki tena akiitwa. Masikio yalikufa baada ya dawa. Kemunto aliandika kwenye fomu. Supavaiza akasema ni nta tu.

Makala ikatoka katika jarida kubwa: watoto walionwa kila siku, wote salama. Ofisini tukanunuliwa soda. Kemunto hakugusa yake.

Alizipekua fomu. Jumamosi zote zilikuwa zimejazwa, joto, hamu ya chakula, kila kitu. Na zile ni nyumba za Wasabato, kama kwao Kemunto. Siku ya kwanza kabisa mama Moraa alituambia, "Yaya, hapana, Sabato hatupimwi. Kujeni Jumapili."

Kemunto akaliandikia jarida barua. Baada ya muda mrefu makala iliondolewa, kwa aya moja isiyomtaja Moraa.

Kabla ya hapo wageni kutoka kwa jarida walikuja kuuliza huu mwandiko wa Jumamosi ni wa nani. Kemunto alinitazama, kisha akaangalia sakafu.

"Siujui," akasema.

Alifutwa kazi kwa sababu ya ile barua. Mimi nilibaki, nikapanda cheo, nikastaafu kwa keki na hotuba.

Ni mimi niliyejaza zile Jumamosi. Supavaiza alisema nizibe mapengo, na mimi Mkatoliki wa Nyamira sikufikiria hata ni siku gani. Nilizibaziba tu. Nimeona aibu hii maisha yangu yote.

Kemunto alienda kuuza ndizi soko la Daraja Mbili. Nikipita ananiita kwa sauti, "Jumamosi, kuja ununue!" Watu walidhani ndiyo siku niliyozaliwa. Nilinunua kila wiki, na neno samahani sikulitoa hata mara moja.

Moraa alikulia pale kibandani kwake. Kemunto alimfundisha kusoma, herufi moja moja, kwenye karatasi za kufungia ndizi.

Mazishi ni Jumapili. Nitakaa kando ya Moraa, Kemunto. Hanisikii, kwa hivyo nitamwandikia yote, kwa mwandiko uleule uliosema huujui.

Lala salama, dada yangu. Sasa mwandiko ujulikane.