Mwiko Ulionolewa Jumapili

Kama unataka tukosane mimi na wewe, gusa mwiko wangu. Simu yangu chukua, piga unakotaka. Sweta yangu vaa hata mwezi mzima. Lakini mwiko wa plasta, aka! Wenzangu kazini wanalijua hilo, na wakitaka kunichokoza huuchukua na kujifanya wanakorogea chai, nami huwafokea mpaka chini ya jukwaa la mjengo. Wao hucheka sana. Mimi sicheki.

Sisemi ule mwiko wenye ncha wa kurushia simiti ukutani. Huo nitakuazima. Ninasema ule bapa, bamba la chuma lenye mpini mgongoni, unaopitishwa mwisho kabisa plasta ikiwa imeanza kushika, mpaka ukuta uwe laini. Hapo ndipo fundi hujulikana. Mwiko mbaya huacha mistari, na mistari ya plasta haifichiki, upake rangi mara mbili au mara tano.

Aliyenifundisha kuchagua mwiko alikuwa fundi mmoja mzee, mtu wa magharibi kama sisi, tuliyefanya naye kazi Mukuru kwa Njenga nilipokuwa bado mtu wa mkono, yaani yule wa kukoroga simiti na kubeba ndoo. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku nzima angeweza kusema "lete" na "bado" tu. Lakini nilipomwambia nimeweka kidogo kidogo na sasa nataka kununua mwiko wangu mwenyewe, alifungua mdomo hadi nikashangaa. Jumamosi baada ya kazi tukatembea kwa miguu mpaka soko la Gikomba, yeye mbele, mimi nyuma nikimkimbilia.

Duka la kwanza muuzaji alinitazama kichwani hadi miguuni akauliza, "Mwiko wa nini, madam? Wa ugali?" Nikamwambia wa kumpiga nao yeye. Mzee akanivuta mkono tukatoka.

Tulipita maduka manne. Kila mahali mzee alifanya yale yale, taratibu, bila haya. Aliulaza mwiko juu ya kioo cha meza ya muuzaji na kuubonyeza pembeni kuona kama unayumba. Aliuinua usawa wa jicho moja na kuutazama kwa urefu, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Aliukunja kidogo kwa vidole gumba viwili kisha akauachia, aone kama chuma kinarudi chenyewe mahali pake au kinabaki kimelegea. Aliupiga kwa ukucha akasikiliza. Alitafuta misumari ya ribiti inayoshika mpini, akapitisha kidole upande wa chini ahakikishe hakuna kichwa cha msumari kilichojitokeza, maana hicho ndicho kitakachochora ukuta. Ule uliong'aa kuliko yote aliurudisha bila kuuliza bei.

"Sasa ushike wewe," akasema alipopata mmoja uliomridhisha. Mpini ulikuwa mnene, vidole vyangu havikukutana na kiganja. Nikasema si kitu, nitauzoea. Akakasirika! "Utauzoea? Utapiga plasta mwaka mmoja halafu kiwiko kife. Tafuta wa mkono wako." Tukapata wa mpini mwembamba wa mbao, duka la nne, umefichwa chini ya rundo la makoleo. Namshukuru mzee yule hadi leo ninavyoandika, kwa kuwa mkono wangu bado mzima.

Kununua ni nusu tu. Mwiko mpya una pembe kali na makali mabichi. Ukiupeleka moja kwa moja kwenye ukuta wa sebule ya mtu, utakuaibisha. Mzee aliniambia niufanyishe kazi mbaya kwanza. Basi kwa miezi mitatu, wenzangu wakienda kula, mimi nilikuwa nalainisha sakafu za vyoo, ngazi za nyuma, mahali ambapo hakuna atakayetazama. Jioni niliusugua juu ya zege lililokauka, kwa maji na mchanga mwembamba, huku na huku, bapa kabisa, bila kuuinua. Polepole pembe zikawa duara. Makali yakapoteza ukali ule wa kukwaruza yakawa mororo, na bamba likajipinda kidogo sana kufuata mkono wangu. Ukiupitisha ukutani husikii kitu. Nilikuwa ninaushika usiku nikitazama habari kwenye televisheni, na mama yangu ananiangalia tu.

Mama hakuipenda kazi yangu. Tulikaa Makongeni tangu baba akiwa hai, mfanyakazi wa reli. "Baba yako alikuwa na ofisi yenye kiti," mama alikuwa akisema, "na wewe unatafuta jukwaa." Kwa akina mama wenzake wa kwaya alisema ninafanya kazi stoo, naandika mifuko ya simiti inayoingia na kutoka. Nami nikamsaidia kuutunza uongo huo. Nilitoka asubuhi na sketi na viatu safi, nguo za kazi zimo mfukoni, mwiko umefungwa ndani ya sweta. Iliniuma, lakini sikumwambia. Mimi wa kumfokea kila mtu, kwa hilo nilinyamaza.

Kisha foromani wa mjengo mmoja ng'ambo ya Jogoo Road akakubali kunijaribu. Desturi yake ilijulikana. Mtu wa mkono akitaka kuwa fundi, hupewa ukuta mmoja na siku moja. Jioni foromani anakuja na tochi, anaiweka pembeni kabisa mwa ukuta ili mwanga uteleze juu yake, na kila kasoro inatoa kivuli. Ukipita, kesho yake wewe ni fundi na unapewa mtu wako wa mkono. Ukishindwa unarudi kwenye ndoo, na kwake huombi tena. Mwanamke alikuwa hajawahi kupewa ukuta pale. Wangu ulikuwa Jumatatu.

Jumapili nilimwambia mama habari hiyo tukinywa chai. Akamaliza chai yake. Alikwenda kanisani, mimi nikarudi kitandani, nimechoka kama punda.

Jumatatu nikaanza vizuri. Nilipewa kunisaidia mama mmoja wa makamo, mkorogaji hodari, mcheshi. Nilirusha simiti, nikavuta kwa rula ndefu, nikasugua kwa ubao, na kufika saa nne ukuta ulikuwa umenyooka hata ningeubusu. Ukaanza kushika. Nikafungua sweta kutoa mwiko wangu.

Sikuuelewa. Nilidhani nimechukua wa mtu mwingine. Pembe zilikuwa zimechongoka. Ukingo wote ulikuwa unametameta, mweupe, na nilipopitisha kidole kikanasa, maana ulikuwa na vimeno vidogo vidogo toka mwanzo hadi mwisho. Nikajaribu ukutani nikiomba Mungu. Mistari mitatu, kutoka kona hadi dirishani.

Nikampigia mama. "Nani ameshika mwiko wangu?"

"Ni mimi, mwanangu," akajibu, sauti ya furaha kabisa. "Nimeupeleka kwa yule mnoa visu wa baiskeli. Ulikuwa umekuwa butu sana. Nikasema ukuta wenyewe ni wa mtihani, utaendaje na kitu butu? Unakata sasa?"

Miezi mitatu. Ngazi za watu, vyoo vya watu. Nilitaka kusema mengi, na mengine si ya kumwambia mzazi, kwa hivyo nikakata simu. Akapiga tena. Nikakata. Akapiga mara ya tatu nikaizima kabisa.

Foromani alipita mlangoni, akautazama ukuta. "Niaje? Ukuta unakauka huo," akasema, akaendelea na safari yake.

Chumba cha pili kulikuwa na fundi mwenye mwiko mzuri, uliolainika kwa miaka. Nilisimama mlangoni kwake. Akaniona, akaona kilicho mkononi mwangu, akaelewa yote, kisha akageuka akatazama nje dirishani kana kwamba kuna harusi inapita. Sikumlaumu. Mwiko uliozoea mkono wako huuazimi. Ningekuwa mimi ningetazama dirisha hilo hilo.

Basi nikarudi, nikapiga magoti sakafuni, nikamwaga maji na mchanga juu ya zege, nikaanza kusugua. Nilisugua kwa hasira, na hasira ikanisaidia kwa mara ya kwanza maishani. Yule mama msaidizi akaona hali ilivyo. Alichukua brashi ya chokaa, akaichovya majini, akawa anaurushia ukuta matone, kidogo tu, usikauke kabla sijamaliza, wala usilowe ukaporomoka. "Sugua, dada, huu mimi nimeushika," akasema. Sikumwambia afanye hivyo. Angeweza kukaa chini akanywa uji wake. Vidole vyangu vilichubuka, maji ya mchanga yakawa mekundu kidogo. Nikamalizia kwa kipande cha msasa, nikazungusha pembe moja baada ya nyingine, nikipima kwa shavu langu kwa kuwa vidole havikuwa tena na hisia.

Haukuwa mwiko wangu wa zamani. Lakini vimeno vilikuwa vimekwisha. Nilipiga ukuta ule nikiwa nimezuia pumzi, mkono mwepesi, kutoka chini kwenda juu.

Jioni foromani akaja na tochi. Akaiegemeza ukutani, akatembea nayo polepole. Karibu na dirisha akasimama. Palikuwa na mstari mmoja, mwembamba, urefu wa kiganja.

"Huu?"

"Ni wangu," nikasema. Ningesema nini?

"Asubuhi nilihesabu mitatu." Akazima tochi. "Mtu akipewa ukuta hapa huwa ananiletea sababu. Wewe umeniletea ukuta. Kesho anza chumba cha pili upande ule. Na huyu mama ndiye mtu wako wa mkono, mkipatana."

Yule mama akapiga kigelegele mle ndani, chumba kitupu kikavuma. Nilimkumbatia na simiti zetu zote.

Ungedhani nilirudi nyumbani nikiimba. Wapi! Nilivuka Jogoo Road nimefura. Ukuta ulikuwa umepita, ndiyo, lakini mwiko wangu ulikuwa umekufa, na kwa nini mtu ashike kitu cha mwenzake bila kuuliza? Nilikuwa ninayapanga maneno ya kumwambia mama, moja baada ya jingine. Wa kwanza kukutana naye penye lango la estate yetu, bahati mbaya yake, alikuwa mnoa visu mwenyewe, juu ya baiskeli yake, anazungusha jiwe la kunolea.

"Wewe! Nani alikuambia mwiko wa plasta hunolewa?"

Akaacha kupiga pedali. "Ulikuwa wako? Sista, nilimwambia mathee wako hii kitu hainolewi. Alikataa katakata. Alikuwa amepanga laini na wale mamathee wa kwaya, wako na visu vyao, bado wamevaa sare za kanisa. Mmoja akamuuliza hiyo ni nini unabeba. Akaiinua juu hivi, wote wakaona. Akasema, 'Ni ya binti yangu. Binti yangu ni fundi wa plasta, kesho ana ukuta.' Sasa mimi ningekataa aje?"

Maneno yote niliyoyapanga yalitoweka. Jumapili. Kabla ya ukuta, kabla ya tochi, kabla mtu yeyote hajasema nimepita, na mbele ya wale wale aliokuwa akiwaambia habari za stoo. Nilimwomba msamaha mnoa visu, jambo ambalo si kawaida yangu, nikaenda nyumbani polepole, macho yananichoma.

Mama alikuwa amekaa mlangoni, simu iko mapajani. Hakusimama. "Niliharibu," akasema. Halikuwa swali.

"Uliharibu kabisa, mama." Sijui kusema uongo nikiwa nalia. "Na nimepita."

Akaniangalia vidole, akaona jinsi vilivyochubuka, akavishika. Nikamwambia pole kwa kumkatia simu. Nikamwambia asante. Akashangaa: asante ya nini, na nimekuharibia kazi? Nilikaa chini kando yake, na nguo za kazi mwilini, kwa mara ya kwanza nimepita nazo estate nzima bila kukumbuka kubadilisha.

Kisha mama akauliza, kwa sauti ndogo, kama anayeomba ruhusa, "Kwa hivyo sasa naweza kuwaambia watu wewe ni fundi?"

"Si ulishawaambia jana, mama."

Akavuta leso aliyojifunga kiunoni akajifunika uso wote, na mabega yake yakaanza kutikisika, nisijue kama anacheka au analia, mpaka nami nikaingiza kichwa ndani ya leso ile nikaona ni vyote viwili.