Sehemu ya CD Niliyoitangaza Imekufa

Heri niseme mwenyewe kabla wanakwaya hawajanitangaza shule nzima. Tulihitaji CD ya midundo kwa mazoezi ya mahafali, nikaitwa mimi kwa kuwa nasoma kompyuta.

Boksi la kompyuta ya Madam Paskalina, mwalimu wetu wa kwaya, lilifunikwa kitambaa cha kufuma mpaka chini, skrini tu ikiwa wazi. Nikaona aibu kukifunua, kama namvua mtu nguo. Basi nikaiuliza kwa amri za kuandika. Skrini ikajibu kwamba sehemu ya CD ipo, inaitwa sr0. Nikaiamuru ifunguke. Skrini haikuandika kitu. Nikarudia mara tatu.

“Madam, imekufa. Tuimbe bila midundo.”

Wenzangu, waliotembea toka kijiji cha mbali cha Endamarariek, wakaguna. Madam akainua kitambaa. Trei ya kuwekea CD ilikuwa nje, imetoa ulimi.

“Mwanangu, imekufa hii, au umeiogopa nguo yake?”