Ouma, omena za mama na ile helikopta kubwa

Bado kichwa changu kinakataa. Jana asubuhi binti yake Ouma alinipigia kutoka Homa Bay, akasema mzee amepumzika. Nilikuwa nimepanga kumtembelea Jumamosi. Nilikuwa na neno la kumwambia.

Wengi wenu mnamjua kama fundi wa injini za boti pale Remba. Mimi nilimjua kabla ya injini.

Ilikuwa karibu na uhuru. Mafuriko yamekata barabara ya Rangwe, na huku kwetu ufuoni unga umekwisha. Wanajeshi wakaanza kutuletea chakula kwa helikopta. Ouma alijifunza upesi kuielekeza kwa mikono, mpaka ofisa mmoja akamwahidi training ya kazi hiyo Nairobi. Wiki nzima alitembea kama mtu ambaye tayari amepewa kofia.

Halafu tukaambiwa inakuja kubwa, yenye mapanga mbele na nyuma, na magunia ya unga yananing'inia kwenye wavu chini ya tumbo lake. Kila kitu kitolewe uwanjani inapotua. Ouma akanipa mimi kazi hiyo.

Nilitoa vyote isipokuwa omena za mama, dagaa wa ziwani alizoanika pembeni juu ya nyavu kuukuu.

"Ile ndogo imekuja mara tatu na haijapeperusha hata moja," mama alisema. "Niachie jua la saa moja tu."

Nikamwachia.

"Omera, uwanja uko wazi?" Ouma akaniuliza. Ndivyo tulivyoitana sisi wawili: omera, ndugu yangu.

Nikasema ndiyo.

Ile kitu iliposhuka, upepo wake uliinua nyavu, omena zote na paa la choo cha jirani. Nyavu zikapanda kuelekea mapanga. Rubani akageukia ziwa, akaachilia mzigo wote majini ili apae haraka. Watu walisimama na vikapu vitupu wakitazama unga ukizama.

Ofisa akaja amewaka, akauliza nani alikuwa na kazi ya kusafisha uwanja. Mama alikuwa kando yangu. Nikarudi nyuma hatua moja.

"Ni mimi, bwana," Ouma akasema.

Training akapewa mwingine.

Baadaye nilimuuliza kwa nini. "Sasa mama yako angewaangaliaje hawa watu wenye njaa?" Akaniambia nisiitaje tena hiyo siku. Nikamtii, lakini ilikuwa uoga tu. Hata mama alipokufa sikusema.

Kijijini walimwita "Ouma wa unga" mpaka uzeeni, na mimi nilicheka pamoja nao. Hilo ndilo linaniuma kuliko yote.

Na kila ndege ikipita, aliweka spana chini akatoka nje kuangalia.

Basi leo nasema mbele yenu nyote, na watoto wake wasome: hakuwa Ouma aliyepoteza unga ule. Nilikuwa mimi.

Omera, nimechelewa, nisamehe. Pumzika sasa. Safari hii uwanja uko wazi, nimeusafisha mwenyewe.