Kovu Zuri la Ruiru

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Niliacha shule darasa la sita, nikabeba simiti mtaani Landless, na leo nina ploti tatu za kupangisha kule Witeithie, zote za mawe. Kwa hivyo baka jeusi lilipotokea chini ya mguu wangu wa kushoto, karibu na vidole, sikutetemeka. Nilikagua hospitali vile ninavyokagua mafundi.

Ile ya Thika ilianguka mapema. Benchi gumu, rangi imebambuka, na daktari ni msichana mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Alipima, akasema ni kansa ya ngozi. Angekata upana wa kidole kila upande, kisha nyama iende lab waone kama kingo ni safi, hazina kansa.

"Punguza, daktari. Nusu kidole."

"Mzee, hapa si soko."

Nikaenda Ruiru. Hiyo ndiyo kliniki! Vigae unajiona uso, chai ya maziwa, na daktari wa mvi anayekuita mheshimiwa. Alikata kidogo tu, akashona nyuzi sita zilizolingana kama mawe ya ukuta. Nilizipima kwa futi yangu mwenyewe. Kipande alichotoa kilienda wapi, sikuuliza; mimi si mtu wa kufuata takataka. Miezi minane nilivua kiatu harusini, kanisani, hata mbele ya wapangaji, waone kazi safi.

Halafu weusi ukachungulia kando ya kovu.

Nikarudi Thika na mke wangu. Yule msichana akaomba majibu ya lab. Nikamwonyesha kovu.

"Sijauliza kovu. Nani alikuambia kansa imeisha?"

Nikavuta soksi nivae. Mke wangu akanijibia.

"Daktari, huyu plasta ikishika unyevu anabomolesha mafundi mpaka wafike jiwe kavu. Mguu wake ndio alitaka upakwe rangi."

"Kumbe kazi yangu anaijua," daktari akasema.

Alikata na vidole viwili vikaenda. Kovu lake ni baya kama barabara ya Kamenu wakati wa mvua. Lakini baada ya wiki mbili alinipigia simu mwenyewe: kingo ni safi, rudi kila miezi mitatu nikuangalie. Nilikuwa ploti. Nilikalia mfuko wa simiti, nikawaambia mafundi ni vumbi limeniingia machoni.

Ruiru hawajawahi kupiga.

Vidole sihesabu, havina risiti. Kwa gharama zenye risiti, lile kovu zuri, pamoja na kulibomoa, lilinigharimu shilingi laki tatu, elfu arobaini na mbili, mia sita na hamsini.