Kitambaa Chekundu Chini ya Bawa

Niacheni nijicheke mwenyewe kwanza, ndipo nanyi mnicheke. Mimi ni mlinzi wa uwanja wa ndege wa nyasi huku Serengeti, na kazi ya mlinzi ni kushuku. Hata mbuzi akinitazama sana, namshuku.

Rubani Mzungu alipoiacha ndege yake na kwenda kambini, niliona kitambaa chekundu kimefungwa kwenye kibomba chembamba chini ya bawa. Aliyekuwa karibu ni Mwita, mkata nyasi wetu, na fyekeo lake. Tena akaniuliza, "Chacha, ndege inaruka lini?" Mkata nyasi anataka kujua ya nini? Nikasema moyoni, huyu ameiroga ndege ya watu.

Nikakifungua kitambaa kwa kijiti, nisikiguse, nikakificha. Wiki nzima nikamfuata Mwita kila alipokwenda, asije akarudia.

Siku ya safari abiria walisimama tayari na mizigo yao. Rubani alipoanza kuikagua ndege, nikajitokeza, kitambaa kinaning'inia kwenye kijiti. "Bwana, uchawi wenyewe huu! Na mchawi ni yule!"

Rubani akabadilika rangi. "Hiki nilikifunga mimi, wadudu wasiingie. Bomba hili ndilo linalonionyesha mwendo wangu angani. Likiziba, tunaweza kuanguka wote."

Akachokoa kwa waya. Likadondoka tope la nyigu, na kiwavi mnene ndani yake.

Mwita akainama, akamtazama kiwavi, kisha akanitazama mimi. "Chacha, kumbe wiki nzima ulikuwa unamlinda huyu."