Piza isiyo na unga imeniaibisha

Leo jirani kaniletea msaada wa unga, na stoo nina mfuko mzima.

Ngojeni niwaeleze.

Nimeacha wanga mwezi huu, basi mchana nikaoka piza bila unga. Chini nyama ya kusaga, juu nyanya, hoho na jibini. Nikamkatia bibi yangu, aliyekuja juzi kutoka Igunga.

Akaiangalia weee. "Hii si mboga? Ugali wake uko wapi?"

Nikajibu kwa maringo, "Bibi, siku hizi hapa hatuli ugali."

Akajifunga kanga, akatoka.

Mara Mama Salma wa nyumba ya pili huyu hapa mlangoni, na bakuli la unga kalifunika kitambaa. "Jamani, si ungesema tu?"

Nikataka kueleza. Bibi, aliyerudi naye, akanishika mkono, akaninong'oneza.

"Usione haya, mjukuu wangu. Miaka ya Ujamaa sote tuliishiwa, tukapanga foleni ya unga wa njano. Tuliombana hivi hivi."

Nikasema asante.

Sasa bakuli la watu halirudi tupu. Nikitia unga, Bibi atajua ulikuwepo siku zote.

Nitie nini, wenzangu?